Kiangazi Yetu Si Été Yao: Televisheni, Julai na Watu Wasiohesabiwa mu Kolwezi



Kila mwaka Julai ikifika, dekoda zetu zinabadilika sura. Emisyo tulizofuata toka Septemba zinakatika. Watangazaji wa kila siku wanaaga na wengine wanakalia viti vyao. Filamu tulizoziona miaka mitatu iliyopita zinarudi kama wageni waliosahau kuaga. Wafaransa wana jina la mambo haya: grille d'été. Sisi tumeyazoea hadi tunaona ni sheria ya dunia, sawa vile mvua kukatika Mei. Ukimuuliza mtu, anakujibu tu: "Mu Julai, ku tele hakuna kintu."

Nataka kuipinga hiyo sentensi. Si kwa sababu marudio yananichosha. Ni kwa sababu nikiangalia namna grile hiyo inavyotengenezwa, naona imepimwa kwa jua la watu wengine, likizo ya watu wengine na hesabu ya watu wengine. Hapa kwetu Julai na Agosti ingepaswa kuwa miezi mizuri kuliko yote ya televisheni. Tunaipoteza kila mwaka, na hata stesheni zetu za hapa, ambazo hakuna mtu Paris anayezilazimisha, zinafuata usingizi huo huo.

Twende polepole.

Grile ya été ilitoka wapi

Tuanze na Marekani, kwa sababu huko ndiko mchezo ulianza. Katika miaka ya 1950, programu ya kila wiki ilikuwa na vipindi 39 hivi kwa mwaka. Wiki 13 zilizobaki, zile za joto, wasanii walipumzika na stesheni ziliweka programu za kuziba nafasi. Baadaye gharama zilipanda, vipindi vikapungua hadi 22 au 24, na yale mapengo yakajazwa na marudio. Hoja yao ilikuwa rahisi: wakati wa joto watu wako nje, kwa hiyo usitumie pesa kwa kitu kipya.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ina mtego pia. Watu wanapungua, stesheni inaweka marudio. Stesheni ikiweka marudio, watu wanapungua zaidi. Mwaka unaofuata mkubwa wa stesheni anaonyesha namba: "Munaona? Julai hakuna mtu." Namba ni za kweli, lakini yeye mwenyewe amesaidia kuzitengeneza.

Mtego huo ulivunjika wazi mwaka 2000. CBS ilianza kuonyesha Survivor tarehe 31 Mei, ndani ya msimu ambao wote waliuita msimu mfu. Tarehe 23 Agosti, kipindi cha mwisho kiliangaliwa na watu zaidi ya milioni 51. Agosti! Mwaka uliotangulia, ABC ilikuwa imeleta Who Wants to Be a Millionaire mu Agosti vilevile, na watu walikuja. Maana yake watu walikuwepo. Kitu kilichokosekana ni sababu ya kukaa mbele ya tele.

Ufaransa nayo ina mifano yake. Fort Boyard ilianza Julai 1990 kwenye Antenne 2, na imekuwa mchezo wa été hadi leo. Haikutengenezwa kuziba pengo. Ilitengenezwa kwa ajili ya familia iliyo vakanse: watoto, wazazi na wazee mbele ya tele moja, bahari, ngome, mtu anakimbia kabla saa haijaisha. Tour de France nayo inajaza mchana wa Julai, saa ambazo kwa kawaida wafanyakazi hawako nyumbani. Hizo ni grile za été zenye akili: zinauliza kwanza nani yuko nyumbani, ndipo zinachagua cha kumpa.

Namba mbili ambazo hazisemi kitu kimoja

Hapa wengi wetu tunachanganya mambo, hata sisi wenye diplome. Kuna idadi ya watu wanaoangalia, na kuna sehemu ambayo stesheni moja inapata kati ya wale wanaoangalia saa ile. Ni vitu viwili.

Tuchukue hesabu ya kufikirika. Tuseme mtaa una nyumba 100 zenye tele. Jioni moja ya Mei, nyumba 70 zimewasha, na 21 kati yao ziko kwenye stesheni yako. Sehemu yako ni asilimia 30. Jioni moja ya Julai, nyumba 40 tu zimewasha, na 16 ziko kwako. Sehemu yako sasa ni asilimia 40. Umepanda ao umeshuka? Kwa sehemu umepanda vizuri kabisa. Kwa watu halisi umepoteza nyumba tano.

Ndiyo maana kila Septemba huko Ulaya kila stesheni inaweza kutoa tangazo kwamba imeshinda été. Moja inaonyesha sehemu, nyingine idadi, nyingine inachagua wiki mbili nzuri na kunyamaza juu ya sita zilizobaki. Mtu anayeuza publisite anajua tofauti hiyo. Mwanafunzi wa mawasiliano anapaswa kuijua pia, la sivyo atakwenda kwenye kazi na kumeza kila grafu atakayopewa.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: nani yuko ndani ya hesabu. Ufaransa, kazi ya kupima ni ya Médiamétrie, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kwa miaka mingi kipimo chake kilifuata kile ambacho nyumba zilizochaguliwa zinaangalia kwenye tele yao, pale nyumbani. Sasa Mfaransa akienda vakanse Agosti, akaangalia mechi kwenye nyumba aliyopanga kando ya bahari ao ndani ya baa, alikuwa haonekani. Ni mwaka 2020 tu ndipo walipoanza kuingiza kwenye namba za kila siku watu wanaoangalia nje ya nyumba yao.

Fikirini hilo vizuri. Sehemu moja ya ule "upungufu wa été" haikuwa watu kuacha kuangalia. Ilikuwa watu kutoka nje ya mahali ambapo kipimo kinafika. Mu Ufaransa jambo hilo lilimpata mtu wiki tatu kwa mwaka. Mu Kolwezi linatupata miezi 12.

Sasa tuweke Kolwezi mezani

Neno lenyewe linatudanganya. Kamusi zinaandika kwamba été ni kiangazi. Lakini mtu aliyekulia Lualaba anajua kwamba kiangazi ya hapa, mu Juni na Julai, ni baridi. Tuko juu, karibu metre 1,400 na zaidi, kusini mwa ikweta. Usiku wa Juni unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mama anafunga dirisha mapema, watoto wanajifunika bilangeti kwenye saloon, na baada ya saa za chakula hakuna anayetaka kutembea na vumbi na upepo.

Halafu jua. Mwisho wa Juni, mu Paris jua linazama karibu 22h00. Ndiyo maana Mfaransa yuko nje saa ya emisyo kubwa: kwake bado ni mchana. Kolwezi, mwisho huo huo wa Juni, jua linazama muda mfupi baada ya 18h00. Saa tatu na zaidi kabla emisyo yake kubwa haijaanza, sisi tayari tuko gizani, ndani, kwenye baridi. Sababu ile ile inayomtoa Mfaransa nyumbani, yaani majira, ndiyo inayotuingiza sisi ndani.

Tena kuna mchezo wa saa ambao sijasikia mtu akiutaja. Congo ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Paris, wakati wa baridi yao, ina saa sawa na Kinshasa. Wakati wa été wanasogeza saa mbele, na hapo Paris inakuwa na saa sawa kabisa na Kolwezi. Kwa hiyo emisyo inayoanza 21h10 kule, mu Desemba inatufikia 22h10, mtoto amelala na papa wa posti ya asubuhi naye amelala. Mu Julai inatufikia 21h10 juste. Ona basi: miezi ambayo saa yao inalingana vizuri na jioni yetu ndiyo miezi ambayo wanaweka vitu vya akiba. Na habari za 20h00 za RTNC kutoka Kinshasa, hizo hutufikia 21h00 mwaka mzima, Julai na Januari.

Tuongeze watoto. Masomo yanakatika mwanzo wa Julai na kurudi mwanzo wa Septemba. Kwa wiki nane na zaidi, kila nyumba ya Manika na Dilala ina watoto mchana kutwa. Watahiniwa wa Exetat wako nyumbani wakisubiri matokeo, na wale wa sita wasiojua kama wataenda université ao wataingia kwenye carrière. Ni kundi kubwa la vijana lenye muda, lenye simu, na lisilo na pesa ya kwenda mahali.

Na wakubwa? Wakubwa wa Kolwezi hawaendi vakanse kwa pamoja kama watu wa Paris mu Agosti. Migodi ya shaba na kobalti haifungwi. Wanaofanya kazi kwa zamu, posti kama tunavyosema, wanaendelea: asubuhi, mchana, usiku. Mtu aliyetoka posti ya usiku anawasha tele saa nne za asubuhi. Kwake hiyo ndiyo jioni. Grile inayoweka kila kitu kizuri kati ya 20h00 na 22h00 inamsahau mwaka mzima. Mu Julai inawasahau pamoja, yeye na watoto wake walioketi pembeni yake.

Kwa hiyo tukikusanya yote: giza mapema, baridi, watoto nyumbani, wazazi wasiosafiri, saa inayolingana. Hakuna hata sababu moja ya Ulaya ya kulaza televisheni mu Julai ambayo inafanya kazi hapa. Zote zimegeuka.

"Na kuran je?"

Najua mtu tayari anacheka: "Ndugu, unaongea emisyo, kuran iko wapi?" Ni swali halali, na ndilo pingamizi kubwa kwa hoja yangu. Sitalikwepa.

Umeme wetu unatoka kwenye maji. Bwawa la Nzilo, ambalo Union Minière ililijenga kwenye Lualaba miaka ya 1950 kwa jina la Delcommune, lina uwezo wa megawati 108 hivi. Chini yake kuna Nseke, kubwa zaidi. Toka mwaka 1982 kuna pia ule mstari mrefu wa Inga, karibu kilometre 1,700, uliovutwa hadi Kolwezi hasa kwa ajili ya viwanda vya shaba, ukipita juu ya vijiji vingi visivyo na hata balbu moja. Na kiangazi ni miezi ambayo mvua hainyeshi na mto unapungua hadi mvua zirudi. Wakati huo huo migodi inavuta umeme saa 24. Mtaa unapata kinachobaki, kwa zamu.

Maana yake ni kwamba hapa kwetu hesabu ya watazamaji haiwezi kusomeka bila hesabu ya umeme. Stesheni inaweza kuweka kitu kizuri kuliko vyote Jumanne jioni na isipate mtu Kanina, kwa sababu Kanina ilikuwa gizani. Mkubwa wa stesheni akisema "emisyo ile haikupendwa", anasema kitu asichokijua. Emisyo haikukataliwa, haikuonekana. Kuna mbali kati ya hayo mawili.

Lakini je, delestaje inaua hoja yangu? Naona inafanya kinyume, inaisukuma mbele. Kama nusu ya mji iko gizani leo na nusu nyingine kesho, basi dawa ni kuonyesha kitu kile kile mara mbili ao tatu, kwa saa tofauti, na kuwaambia watu mapema. Usiku, kesho yake asubuhi, na mchana. Hapo yule wa posti ya usiku amepata, mtaa uliokatiwa umepata, na mtoto aliyelala mapema amepata.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaosema marudio ni dharau. Mu Paris, marudio ya Agosti ni kuokoa pesa. Mu Kolwezi, marudio yaliyopangwa ni huduma, kwa sababu mtu hakukosa emisyo kwa uvivu wake. Kosa ni marudio ya bila mpango: filamu inawekwa kwa sababu ndiyo iliyopo ndani ya mashine, inakatika katikati, kesho inaanza tena toka mwanzo, na hakuna anayejua itaisha lini.

Stesheni zetu zinauza nini

Sasa tuwageukie wa nyumbani. Sitataja stesheni yoyote kwa jina, kwa sababu ugonjwa si wa mmoja. Kaa siku moja uangalie televisheni za miji yetu ya shaba. Utaona ibada zilizolipiwa, ziara ya mkubwa fulani iliyolipiwa, matangazo ya matanga na ndoa, miziki, filamu bila ruhusa ya mwenyewe, na mazungumzo ya watu watatu kwenye viti vya plastiki. Mu Julai ni hivyo hivyo, miziki inaongezeka tu.

Tusiwatukane waandishi wa habari. Wengine ni wenzetu tuliosoma nao, na mshahara wao tunaujua. Tuangalie mashine yenyewe. Kama hakuna anayejua watu wangapi wanaangalia saa gani, basi saa haiwezi kuuzwa kwa sababu ya watazamaji. Inauzwa kwa yule anayetaka kuonekana. Mchungaji, mwanasiasa ao kampuni, kila mmoja ananunua saa ili ajione na marafiki wamuone. Hamlipi mtazamaji chochote na hamuulizi chochote. Emisyo nzuri ya watoto haina mnunuzi wa namna hiyo. Ingeweza kuwa na mnunuzi mwingine, muuza madaftari, duka la uniforme, kampuni ya simu, kila mmoja anayetafuta wazazi mwezi wa Agosti kabla ya rentrée. Lakini huyo atauliza: "Watu wangapi?" Na hakuna wa kumjibu.

Hapo ndipo ninaposema hesabu si jambo la wataalamu tu. Bila hesabu, mtazamaji hana uzito. Hawezi hata kuadhibu emisyo mbaya kwa kuzima tele, kwa sababu kuzima kwake hakuonekani popote.

Na hatuwezi kusema hakuna vipaji. Groupe Mufwankolo ya Lubumbashi ilichekesha na kufundisha Katanga nzima kwa Kiswahili ya hapa, si ya kamusi, kwenye redio na kwenye televisheni. Mwaka 1986 walitengeneza kwa ajili ya televisheni mchezo ulioitwa Le pouvoir se mange entier, na mtaalamu Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1990. Watu wale hawakuwa na kamera za leo. Walikuwa na ratiba, saa inayojulikana, na watu wanaowangoja. Leo kijana mwenye simu mu Kasulo anatengeneza vichekesho na kuvitupa kwenye Facebook, wakati stesheni iliyo karibu na kwao inarudia filamu ya karate. Hao wawili hawajawahi kuketi meza moja.

Mpira nao unatufundisha. CAN ya 2019, Misri, ndiyo ya kwanza kuchezwa Juni na Julai. Tarehe 7 Julai Léopards walitolewa na Madagascar kwa penalti baada ya 2-2. Jioni, mwanzo wa vakanse, na Misri ilikuwa na saa sawa na yetu. Nani alijali siku hiyo kama ni été ao si été? Waliokuwa na kuran waliangalia, wasiokuwa nayo walikwenda kwa jirani ao penye jenereta. Hesabu ya kawaida ingesema: tele moja, nyumba moja. Lakini mbele ya tele moja kunaweza kuwa na watu 30. Kipimo cha Paris hakikutengenezwa kwa ajili ya ile tele.

Tujihesabu wenyewe

Mtu atasema kupima watazamaji kunataka mashine za bei kali na kampuni kubwa. Kwa Congo, namba zinazotajwa mara nyingi, kama zile za Africascope ya Kantar, ni za Kinshasa. Lakini kuna njia nyepesi. GeoPoll imepima redio na televisheni mu Kenya, Tanzania na Uganda kwa kuuliza watu kwa ujumbe mfupi wa simu: uliangalia nini, saa gani. Haina makosa machache, lakini ni bora kuliko giza.

Sisi ni chama cha wahitimu. Tuna watu wa statistike, wa sosholojia, wa enformatike na wa mawasiliano wanaokaa nyumbani wakingoja kazi. Naleta pendekezo la kufanyika kweli.

Tuchukue wiki mbili za Mei, masomo yakiwa yanaendelea, na wiki mbili za Julai. Bila Mei, Julai haisemi kitu, kwa sababu hatutakuwa na cha kulinganisha. Tuchague nyumba kwa bahati nasibu ndani ya mitaa tofauti: Kapata na Luilu, Musonoi, Kasulo, katikati ya mji. Tusiweke tu swali kwenye Facebook, maana tutajihesabu sisi wenye megas na kuwaacha mama zetu. Kila asubuhi tupige simu ao tupite mlangoni na maswali manne:

Jana, kuran ilikuwepo saa ngapi hadi saa ngapi?

Nani alikuwa nyumbani?

Muliangalia nini, kwa saa gani, kwenye tele ya nani?

Mulitaka kuangalia nini na hamukupata?

Swali la kwanza ndilo linalotofautisha kazi yetu na ya Paris. Linatuwezesha kusema: kati ya nyumba zilizokuwa na umeme saa ile, ngapi ziliwasha, na ngapi zilikuwa kwenye stesheni ya hapa. Namba ile itakuwa ya haki kwa stesheni na kwa mtazamaji pia. Swali la nne ndilo litakalomuonyesha mkubwa wa stesheni kwamba kuna watu wanangoja.

Halafu tupeleke matokeo kwa stesheni zote, si kwa moja, pamoja na grile ndogo ya wiki nane: saa ya watoto asubuhi, feyetoni fupi ya Kiswahili ya hapa yenye vipindi vinavyoisha kweli, saa ya wahitimu wa Exetat juu ya masomo na kazi, kila kitu kikirudiwa mara tatu kwa saa zilizotangazwa. Mwisho wa Agosti tuhesabu tena. Kama hakuna kilichobadilika, tutasema hakuna kilichobadilika. Pengine tutagundua kwamba vijana wamehamia kabisa kwenye simu na tele imebaki ya wazee. Hilo nalo litakuwa jibu, na stesheni itajua inaongea na nani.

Yaliyo hatarini hapa si burudani tu. Kuna mtoto anayekaa wiki nane bila kusikia kitu chochote kilichotengenezwa kwa ajili yake kwa lugha anayoiongea. Kuna muhitimu wa mawasiliano ambaye hatapata kazi mu Kolwezi kama stesheni itaendelea kuishi kwa kuuza saa kwa wanaotaka kujiona. Na kuna mji wote huu, ambao dunia nzima inahesabu tani za kobalti yake, lakini hakuna anayejua jioni watu wake wanakaa mbele ya nini.

Mwenye ujuzi wa kutengeneza maswali, ao mwenye ndugu ndani ya stesheni anayekubali kutuonyesha grile yake ya Julai iliyopita, atuandikie hapa chini na mtaa anaokaa. Mei si mbali.